Kitundu Kile Msikizibe: Barua ya Wazi kwa Walimu wa Ufundi wa Magari

Kwa walimu wa ufundi wa magari,
Vyuo vya ufundi nchini Kenya.

Walimu wapendwa,

Nawaomba muwafundishe vijana wetu kutafuta mahali gari linapovuja maji kabla hawajashika spana, na muitahini kazi hiyo kama mnavyotahini kufunga giaboksi au kurekebisha breki. Kuvuja kwa maji huonwa kuwa jambo dogo, la kuachiwa mwanagenzi aliyeingia gereji juzi. Ndiyo maana hushughulikiwa kwa kukisia, na ndiyo maana injini nzima hufa kwa ajili ya matone.

Gari linaloniandikisha ni Datsun 240Z. Huenda wanafunzi wenu hawajawahi kuliona barabarani, lakini wenye mvi miongoni mwenu wanalikumbuka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa nalo. Mwaka 1973, ubingwa wa dunia wa mbio za rali ulipoanzishwa na Safari ikawa mojawapo ya mashindano yake, Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda nalo tena, baada ya Mehta kulingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Ni gari la watu wawili, lenye boneti ndefu, na chini ya boneti hiyo mna injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393. Bloku yake ni chuma cha kusubu, silinda hedi yake ni alumini. Nawaomba mzikumbuke metali hizo mbili.

Langu lilianza kupungukiwa na maji kidogo kidogo, na kila asubuhi kukawa na doa sakafuni chini ya pua yake. Nililipeleka gereji moja mjini. Kijana aliyelipokea alikuwa na adabu na mikono myepesi. Jioni nilikabidhiwa gari kavu, injini imeoshwa ikang'aa, nikalipa nikashukuru. Kwa muda halikudondosha kitu. Kisha nikawa napanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Niliegesha pembeni nikazima injini kabla haijachemka, na gari likarudi nyumbani kwa kuvutwa. Niliamua kulifungua mwenyewe uani.

Nilichokikuta ndicho kilichonikalisha kuandika. Chini ya shingo ya pampu ya maji pana kitundu ambacho njiti ya kiberiti inakitosha. Kilikuwa kimezibwa kwa gundi ya chuma, ile ya kijivu inayochanganywa kutoka mirija miwili, na aliyeipaka aliilainisha kwa kidole hadi mistari ya kidole chake ikabaki pale. Nilipofungua kasha la thamostati, thamostati yenyewe, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, haikuwamo.

Ninyi mnajua kazi ya kitundu kile, lakini naomba nieleze kwa ajili ya wanafunzi watakaosoma barua hii. Pampu ya maji ina shafti moja. Upande wa nje shafti inabeba puli na feni. Upande wa ndani inazungusha gurudumu dogo lenye mapanga ambalo husukuma maji ndani ya injini. Katikati pana beringi inayoibeba shafti, na kati ya beringi na maji pana sili. Sili ikichoka, matone ya kwanza hupenya. Aliyeisanifu pampu alijua siku hiyo itafika, kwa hiyo akatoboa njia baina ya sili na beringi ili matone yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Kitundu kinapodondosha, pampu inakuarifu kwamba sili yake imekwisha na kwamba bado una nafasi ya kuibadilisha kwa amani. Ukikiziba, maji hubaki ndani, huosha grisi ya beringi, kutu huingia, shafti huanza kuyumba. Katika 240Z feni imefungwa kwenye shafti hiyo hiyo, na rejeta iko mbele yake kwa umbali mfupi. Beringi ikikatika, feni huingia ndani ya rejeta. Niliposhika feni ya gari langu na kuitikisa, ilicheza mkononi mwangu, na nilipoizungusha nilisikia mkwaruzo. Rejeta iliponea chupuchupu.

Simkasirikii kijana yule. Aliambiwa gari linavuja, akaona maji yanatoka kwenye tundu, akaziba tundu. Kama angewahi kuwekewa pampu kuukuu mezani, akaifungua mwenyewe, akapitisha waya kwenye kitundu na kuuona ukitokeza nyuma ya sili, asingethubutu. Jambo hilo linahitaji saa moja ya darasa na pampu mbovu ambayo kila gereji inaitupa.

Kuna somo la pili ambalo naliona kubwa zaidi, nalo ni presha. Wenye magari wengi, na mafundi wengi pia, wanaamini kwamba gari likivuja kidogo dawa yake ni kubeba jagi la maji na kuongeza njiani. Wanahesabu maji yaliyopotea na kusahau presha iliyopotea. Mfumo wa maji wa gari umefungwa kama sufuria ya presha ya kupikia maharagwe: mfuniko wa rejeta hushikilia mvuke ili maji yasichemke mapema. Mfuniko wa 240Z umetengenezwa kushikilia kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba. Mombasa, usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwa nyuzi 100. Chini ya mfuniko mzima huvumilia hadi karibu nyuzi 118. Sasa panda Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hapa maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 94, na Limuru ni karibu 93. Mfuniko mzima huyapandisha Nairobi hadi nyuzi 115 hivi. Injini yenyewe inataka kufanya kazi kwenye nyuzi 80 na ushei. Kwa hiyo fundi wa nyanda za juu aliye na gari lenye mfumo mzima ana nafasi ya nyuzi thelathini na zaidi kabla ya hatari, na aliye na mpira uliotoboka au mfuniko uliochoka amebakiwa na nyuzi kumi na kidogo tu, hata kama rejeta imejaa pomoni. Mlima mmoja nyuma ya lori lililobeba saruji unazimaliza hizo.

Ndiyo sababu nasema somo hili ni letu kuliko la mtu mwingine yeyote. Vitabu vingi vya ufundi vimeandikwa kwa ajili ya watu wa tambarare wanaoogopa barafu. Sisi hatuna barafu ya kupasua bloku, tuna mwinuko. Mwanafunzi wa Eldoret au Nyahururu anastahili kujua kwamba maji ya mji wake yanachemka mapema kuliko ya Mombasa, na kwamba mfuniko wa rejeta ambao wauzaji huuchukulia kama kizibo cha chupa ni kipuri chenye kipimo chake.

Nikirudi kwenye thamostati, mnajua mazoea yalivyo. Gari likichemka, kitu cha kwanza kutolewa ni hiyo, na mteja huambiwa kwamba nchi ya joto haiihitaji. Kitabu cha matengenezo cha Datsun za wakati ule kinataja thamostati za aina tatu: ya nyuzi 88 kwa nchi za baridi kali, ya nyuzi 82 kwa nchi za hali ya wastani, na ya nyuzi 76.5 kwa nchi za joto. Wajapani waliotengeneza gari hili walitufikiria. Walikaa wakatupangia thamostati yetu, inayofunguka mapema kuliko nyingine, na hawakuandika popote kwamba tuitoe. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata moto, hasa asubuhi za Julai hapa Nairobi. Hunywa petroli nyingi, petroli hiyo huteremka na kuifanya oili iwe nyepesi, na kuta za silinda huliwa. Tena humfichia mwenye gari ugonjwa wenyewe, kwa sababu mshale hukaa chini siku za kawaida na kumdanganya hadi siku ya mlima. Kuipima thamostati ni kazi ya jikoni: sufuria ya maji, kipimajoto, thamostati imening'inizwa kwa uzi isiguse chini. Maji yakikaribia nyuzi zilizochapwa juu yake utaiona ikianza kufunguka. Isipofunguka, nunua nyingine. Hakuna haja ya kukisia.

Sasa niwaeleze nilivyotengeneza, kwa sababu kazi hii inafanyika uani, kwa zana za kawaida, mradi mtu aifuate kwa mpangilio.

Nilianza na kutafuta, ijapokuwa tayari nilikuwa nimeiona pampu. Gari linaloachia maji mahali pamoja mara nyingi limeanza kuachia pengine. Injini ikiwa baridi kabisa, nilijaza maji, nikafunga pampu ya mkono yenye geji mahali pa mfuniko wa rejeta, nikapandisha presha hadi 0.9 na kuacha hapo. Ukizidisha unaweza kupasua rejeta ndogo ya hita iliyo chini ya dashibodi. Kisha nikachukua tochi na karatasi ya shashi kavu na kufuata kila mpira kutoka mwanzo hadi mwisho wake, nikipangusa kila kiungo. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni. Mwanafunzi afundishwe kuangalia juu ya pale penye tone, kwa sababu maji hutambaa chini ya mpira na kudondokea mbali na yalikotoka, na gari likiwa linakwenda feni huyapeperusha yakarukia nyuma. Afundishwe pia kutafuta ukoko mweupe au wa kijani pembeni mwa klipu. Pale ndipo kulanti, yaani kipoozea cha injini, imekuwa ikipenya na kukauka kwa miezi.

Ukoko huo niliukuta kwenye mpira wa chini, mahali unapovaa shingo ya alumini. Klipu ilikuwa ya waya, imekaza hadi ikakata mpira. Niliuvuta mpira ukatoka, na chini yake alumini ilikuwa na vishimo vilivyoliwa, viwili vikiwa virefu vya kutosha kupitisha maji chini ya mpira hata klipu ikazwe namna gani. Hizo ndizo metali mbili nilizowaomba mzikumbuke. Chuma cha kusubu na alumini vikikaa pamoja ndani ya maji yasiyo na kinga, alumini ndiyo inayoliwa. Nilipata shingo nyingine nzima kutoka injini kuukuu ya jamii hiyo hiyo. Mpira nikanunua mpya, na klipu za mkanda bapa zisizokata.

Pampu yenyewe ilinitaka subira kwenye boliti. Boliti za chuma zilizokaa miaka mingi ndani ya kava la alumini hushikana nalo, na zile nyembamba za milimita sita hukatika kwa urahisi unaohuzunisha. Nilizipulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku, nikaziacha zilale. Asubuhi nilikuwa nazungusha kidogo kulegeza, narudisha kidogo kukaza, naongeza mafuta, nalegeza tena. Boliti inapolia na kunesa kama inataka kuja lakini haiji, hapo ndipo mkono uache na moto mdogo upashe alumini inayoizunguka. Kijana mwenye nguvu akikosa kufundishwa hili, atakata boliti, na kazi ya asubuhi moja itageuka kazi ya kutoboa na kuchonga nyuzi upya. Boliti hizi pia si za urefu mmoja. Nilichora umbo la pampu kwenye kadibodi, kila boliti nikaichomeka mahali pake kwenye mchoro, na siku ya kurudisha sikuwa na la kujiuliza.

Mabaki ya gasketi kuukuu niliyakwangua polepole, kwa maana mkwaruzo mmoja kwenye alumini ni njia mpya ya maji. Gasketi mpya ya karatasi, uso safi, boliti zikakazwa kwa zamu kwa upande na upande. Silikoni sikuijaza. Naona gereji nyingi zikiipaka kama siagi, na inayofinyika kwa ndani hukatika ikaenda kuziba mishipa ya rejeta. Rejeta ya 240Z ni ya shaba, imeunganishwa kwa risasi, na bado tuna mafundi Nairobi wanaojua kuifungua, kuizibua na kuichomelea upya. Ujuzi wao ni mali ya nchi, na ningefurahi kuona mmoja wao akialikwa darasani kwenu kama mwalimu.

Thamostati mpya niliifunga kitundu chake chenye kipini kikiwa juu, ili hewa itoke. Kujaza pia kuna utaratibu: kishikio cha hita kikiwa upande wa joto, pua ya gari imeinuliwa na kukaa juu ya stendi imara, maji yakimiminwa taratibu, kisha injini iwashwe bila mfuniko na kuangaliwa. Mpira wa juu hukaa baridi, kisha ghafla hupata moto. Hapo thamostati imefunguka, usawa wa maji hushuka, na unaongeza. Jioni nilirudia kipimo cha presha gari likiwa limepoa. Mshale wa geji haukusogea.

Kuhusu maji yenyewe nitasema kwa kifupi. Visima vingi vya Pwani vina chumvi, na maji ya visima vingine yana chokaa. Yote mawili ni adui wa mfumo wa maji. Tumieni maji yaliyotoneshwa na kulanti nusu kwa nusu, ya aina inayofaa gari husika. Rangi si kipimo, kwani kampuni tofauti hutia rangi zitakavyo. Na wafundisheni wanafunzi kukinga kulanti kuukuu kwenye beseni na kuifunika mara moja. Ina ladha tamu, na ni sumu inayoua mbwa na inayoweza kuua mtoto. Isimwagwe kwenye mtaro wa mtaa. Kuhusu bizari, ute wa yai na unga wa pilipili manga vinavyotiwa kwenye rejeta ili kuziba uvujaji, vitamfikisha mtu nyumbani usiku porini, na baada ya hapo atalazimika kuziosha njia zote alizozichafua. Msimwache mwanafunzi aamini kwamba hayo ni matengenezo.

Najua mtakaloniuliza. Mwanafunzi wa leo atakwenda kuhudumia Probox na matatu, 240Z litamfaa nini? Litamfaa kwa sababu kila kitu chake kiko wazi. Boneti yake ni ndefu, nafasi ni tele, hakuna kompyuta wala mfuniko wa plastiki. Mwanafunzi anaweza kuufuata mzunguko wa maji kwa kidole kutoka rejeta hadi pampu, hadi bloku, hadi silinda hedi, hadi thamostati, na kurudi. Akiuelewa hapo, atautambua ndani ya Probox hata usipoonekana. Kitundu cha pampu kipo huko pia. Presha ni ile ile.

Na mtasema vyuo havina vifaa. Pampu ya kupimia haihitaji kuagizwa. Mfuniko kuukuu wa rejeta utobolewe, ufungwe valvu ya tairi, uunganishwe na pampu ya baiskeli na geji. Wanafunzi wauunde wenyewe karakanani, wajifunze kuuziba usivuje, na kila mmoja aondoke chuoni na wa kwake. Fundi wa jua kali aliye na kifaa hicho ataweza kumwonyesha mteja mshale unashuka, na mteja atakubali kulipia kutafutwa kwa tatizo, kwa sababu ameliona. Leo mteja hulipia kipuri tu, na saa za kutafuta anaziona kama uvivu. Hilo nalo huwasukuma vijana kuziba badala ya kutafuta. Kijana aliyeziba kitundu cha gari langu alikuwa na magari mengine yanamngoja, na mwenye gereji juu ya kichwa chake.

Ombi langu ni mambo matatu: pampu kuukuu ifunguliwe mbele ya kila darasa, kipimo cha presha kiwe sehemu ya mtihani wa vitendo, na pasiwe na mwanafunzi atakayefuzu bila kupima thamostati kwa mkono wake. Pampu yangu mbovu ninayo, na sijaiondoa gundi ya kitundu. Chuo kitakachoihitaji nitakiletea mwenyewe, pamoja na gari, wanafunzi walifungue boneti na kuuliza watakalo.

Wenu katika kazi,
Mwenye Datsun 240Z,
Nairobi.